Mkono Mmoja wa Nakundwa

Hapo zamani, na mwaka msiniulize kwa sababu nimechoka kuhesabu miaka, kanisa letu la mlimani halikuwa na kengele ya kununua. Lilikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo kwenye mti wa mkaratusi, na nyundo moja, na mtu mmoja wa kugonga. Mtu huyo ni mimi. Sogeeni karibu, kifua changu siku hizi hakipandishi sauti. Nitawasimulia, nanyi mtaamua, maana mimi nimeshindwa tangu wakati ule. Kila ninayemsimulia huamua upesi, kisha hukasirika jirani yake akiamua vingine.

Kengele zetu zilikuwa tatu. Ya kwanza iliwaambia watu waoge. Ya pili iliwaambia watoke nyumbani. Ya tatu ikigongwa, mlango unafungwa na ibada inaanza, na aliyechelewa atasikiliza akiwa nje hadi mwisho, hata awe nani. Mgonga kengele huwaona waliochelewa wote. Ni kazi inayomwonyesha mtu mambo mengi ambayo hakuomba kuyaona.

Siku hizo alikuwepo mwanamke aitwaye Nakundwa, mjane, mama wa mtoto mmoja aliyeitwa Semu. Alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya. Akianzisha wimbo, hakuna aliyeuliza tuuanzie wapi. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya kanisa, karibu kiasi kwamba Jumapili alikuwa akitoka kengele ya pili ikiwa bado inalia na kufika kabla haijanyamaza.

Mwaka mmoja mvua ikakataa. Mahindi yakakauka yakiwa hayajafika magotini. Wazee wa ukoo wa Nakundwa wakasema watapanda kwenye msitu wa ukoo kutambika. Nalo kanisa lilikuwa limeshasema waziwazi kwamba Mkristo atakayekwenda msituni siku ya tambiko atatengwa na Meza ya Bwana. Sasa baba mkubwa wa Nakundwa, mzee aliyemlea baada ya baba yake kufa, hakuweza tena kupanda mlima na mzigo. Akamwita Nakundwa akamwambia, "Mwanangu, sikuombi uabudu. Nakuomba unibebee."

Nakundwa akabeba kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa ya kwetu, akamfikisha mzee wake ndani ya msitu, akageuka akashuka. Hakunywa. Hakumwaga chini. Hakupiga goti. Alibeba tu.

Jumapili iliyofuata akasimama Mzee Sangiwa. Huyu alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa shule ya kanisa, mtu wa suruali iliyonyooshwa na Biblia yenye zipu. Akasema kwa masikitiko makubwa kwamba amemwona Nakundwa akiingia msituni na kibuyu. Na alisema kweli. Nakundwa alipoulizwa alijibu, ndiyo, nilibeba. Akaambiwa atubu. Akanyamaza. Akaambiwa mara ya pili atubu. Akanyamaza. Akaambiwa mara ya tatu, akanyamaza, akatengwa.

Kanisa zima tulikaa pale, watu wazima wenye akili zetu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mtoto angeuliza. Msitu ule hauonekani kutoka barabarani. Mzee Sangiwa alikuwa wapi hata akaona?

Alikuwa ndani. Alikuwa ameketi kwenye gogo na wazee wa ukoo, kata ya pombe mkononi, ameshakunywa na ameshamwaga. Nakundwa alipotua kibuyu, wakatazamana. Hofu ikamshika Sangiwa kwamba mwanamke huyu atasema, ndiyo maana akawahi kusema yeye; wazee wa ukoo hakuwaogopa, maana ya msituni huachwa msituni.

Mtauliza, kwa nini Nakundwa hakusema? Ilikuwepo desturi ya baraza la wazee. Anayetubu huulizwa, "Ulikuwa na nani?" Nakundwa aliijua. Alijua akifungua kinywa kutubu ataulizwa swali hilo mbele ya madhabahu, na mbele ya madhabahu hakutaka kusema uongo. Wala hakutaka kusema ukweli, kwa sababu wiki ile mke wa Sangiwa alikuwa amelazwa, ana watoto wanne nyumbani, na nyumba yote ilikula kwa ualimu wa baba. Akitajwa, shule ya kanisa itamfukuza. Basi Nakundwa akaona bora asubiri. Alifikiri Sangiwa atajisema mwenyewe ndani ya mwezi mmoja, mke akishapona.

Mke akapona. Mwezi ukapita. Ikapita miaka kumi na tisa.

Niliigonga kengele ya kwanza, Nakundwa yuko jikoni. Niliigonga ya pili, Nakundwa yuko jikoni. Niliigonga ya tatu, mlango ukafungwa, na moshi wa jiko lake naona unapanda vilevile. Baadaye aliwahi kuniambia kwamba mwaka wa kwanza alinyamaza kwa huruma. Mwaka wa tano alinyamaza kwa hasira. Kufikia mwaka wa kumi hakujua tena ananyamaza kwa nini. Alisema hakuacha kumwamini Mungu, ila alikuwa amechoka kumngoja, kama anavyochoka mtu aliyeambiwa kaa hapo ninakuja. Kuimba aliacha kabisa. Hata akisonga ugali, hakuimba.

Katika miaka hiyo walikuwepo watu wawili waliokuwa wakimjia, na mmoja ambaye hakumjia. Nitaanza na wa Alhamisi.

Wa Alhamisi aliitwa Nakiete, mke wa fundi seremala, mtu wa ushirika wa maombi. Zamani alisimama nyuma ya Nakundwa kwenye kwaya, sauti ya kwanza pia, lakini ya kufuata. Nakundwa alipotengwa, Nakiete akapewa kuanzisha nyimbo. Hakuomba apewe, lakini hakukataa pia. Miaka minane ya mwanzo hakusema neno. Halafu kitu kikamgusa, sijui ni nini, na Alhamisi moja akaja hadi kwenye ua wa Nakundwa, ule wa mimea ya masale, akapiga magoti kwenye majani yenye umande, akaomba kwa sauti kwamba Bwana amrudishe dada yake kundini. Alhamisi iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata. Mvua ikinyesha alikuja na mfuko wa saruji kichwani. Akiwa na mimba ya kitindamimba wake alikuja, akaomba amesimama. Miaka kumi na moja.

Ila ndani hakuingia. Watu wa ushirika wake walikuwa wamewekeana sharti la kutokula na aliyetengwa, na Nakiete alilishika sharti. Nakundwa mwanzoni alimkaribisha chai. Nakiete akasema, asante mama Semu, nitakunywa ukisharudi. Akakaribishwa tena, akajibu hivyo hivyo. Mara ya tatu Nakundwa hakumkaribisha, akawa anamsikiliza akiwa ndani, amekaa kwenye kigoda, chai inapoa.

Wa Jumamosi aliitwa Mwantumu. Semu alikuwa ameteremka tambarare kuendesha trekta kwenye mashamba ya mkonge, na huko akaoa bomani msichana wa Kiislamu, mtoto wa watu wa hukohuko. Akampandisha mlimani kumwonyesha mama. Mwaka haukuisha, trekta likapinduka na Semu akafa. Hakuacha mtoto. Matanga yalipokwisha, watu wa ukoo wakasema wazi kwamba sasa msichana arudi kwao, maana hapa hana damu yake. Mwantumu akawasikiliza, akafunga khanga kiunoni, akaenda kisimani kuchota maji. Kesho yake akaenda tena. Miaka mitano ikapita baada ya matanga, bado anachota.

Sasa huyu Mwantumu alikuwa amekuta kitu sandukuni. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kichwa, kile wanachojifunga mama zetu wanapokwenda Mezani. Akauliza ni cha nini. Nakundwa akamwambia, cha kwendea kanisani, kirudishe. Mwantumu hakukirudisha. Jumamosi akakifua, akakianika, akakipiga pasi ya mkaa, akakitundika kwenye msumari kando ya mlango. Jumapili nikagonga kengele zangu tatu, kitambaa kikabaki msumarini. Jumamosi nyingine akakiteremsha, akakifua, akakianika, akakipiga pasi, akakitundika. Jumapili kikabaki. Hakusema chochote. Yeye mwenyewe alikuwa anatandika mkeka wake nyuma ya nyumba na kuswali swala zake, kisha anachukua karai la kufulia. Siku moja mama mkwe akamuuliza kwa ukali kidogo, unafua kitu ambacho hakivaliwi kwa nini? Mwantumu akajibu kwamba kinashika moshi.

Lakini naye msimfanye malaika. Kuna mwaka mzima ambao Nakiete alikuwa akija Alhamisi, anamkuta Mwantumu kwenye ua, na Mwantumu anamwambia, mama amelala. Mama hakuwa amelala. Mwantumu alikuwa ameona kwamba baada ya maombi yale Nakundwa hulia hadi jioni na hali chakula, akaamua kumkinga. Alimfukuza mwenye maombi kwa uongo, Alhamisi baada ya Alhamisi. Nakiete aliondoka hatua chache, akapiga magoti njiani, akaombea hapo.

Na yule ambaye hakuja mnamjua. Mzee Sangiwa alizunguka. Ili asipite mbele ya nyumba ya Nakundwa alifuata njia ya mtoni, ndefu, yenye utelezi, miaka kumi na tisa, na akafika kanisani viatu vina matope. Watu walisema mzee huyu mnyenyekevu, anapita njia ya maskini. Mimi niliyekuwa juu penye reli nilimwona anavyotazama moshi wa jiko lile kabla ya kuzunguka.

Basi ikafika Jumapili moja, majuma matano kabla ya Mavuno. Mzee Sangiwa alikuwa amestaafu ualimu, mke ameshazikwa, watoto wameshatawanyika mijini, na kifua kinamsumbua. Matangazo yalipomalizika akasimama bila kuitwa. Sitawarudishia maneno yake yote, alikohoa sana katikati. Alisema, "Nilikuwa msituni kabla yake. Nilikuwa na kata mkononi. Nilimsema ili asiniseme, na yeye hakunisema mpaka leo."

Mchungaji wetu, Elinihaki, kijana aliyeletwa mwaka ule, na tayari sauti ilikuwa imemkauka kwa mazishi na vikao, akakaa chini kwenye ngazi ya madhabahu kama mtu aliyepewa mzigo akiwa bado hajatua mwingine. Kanuni ni kanuni. Sangiwa akavuliwa uzee wa kanisa siku ileile, akatengwa na Meza. Wengine walimpongeza kwa ujasiri. Wengine, na mimi nikiwemo, tulijiuliza kama angesema endapo daktari hangemwambia habari ya mapafu yake. Nakundwa akaletewa habari nyumbani na watu sita kwa mpigo, kila mmoja akitaka awe wa kwanza. Aliwasikiliza wote, akawashukuru, akaendelea kuchambua maharage.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo hakuja. Ya pili hakuja. Nakiete Alhamisi akaomba kama kawaida, Mwantumu Jumamosi akafua kama kawaida.

Sasa lazima niwaeleze desturi yetu ya Mavuno, maana ndipo kitendawili kilipo. Siku ya Mavuno, watu wakija na mahindi yao na kuku wao na mikungu ya ndizi, waliotengwa waliweza kurudi kundini. Lakini hakuna aliyerudi peke yake. Aliyetaka kurudi alisimama mlangoni, akanyoosha mkono wa kushoto, na mtu mmoja akaushika na kutembea naye hadi madhabahuni. Mtu mmoja tu. Mkono wa kulia ulibaki mtupu, kwa kuwa ndio wa kupokea mkate. Na aliyeushika mkono hakuwa amemaliza kazi. Mwaka mzima atakaa naye benchi moja, atakula kwake, naye atakula kwake, na akiulizwa wewe ni nani wa huyu, atajibu mimi ni mshika mkono wake. Kwetu neno hilo lilikuwa zito kuliko undugu wa damu.

Palikuwa na kifungu kingine. Ikiwa anayerudi atamshikisha mkono mtu aliyemkosea, basi wote wawili wanapokelewa siku hiyohiyo. Asipomshikisha, mkosaji anangoja hadi Mavuno mengine. Na anayerudi mwenyewe, ikiwa kengele ya tatu italia hajachagua, mlango utafungwa, naye atangoja mwaka pia.

Jumapili ya Mavuno nikagonga ya kwanza. Moshi unapanda. Nikagonga ya pili. Nikatazama juu, nikaona mlango wa Nakundwa umefunguka, na kitu cheupe kinashuka polepole kwenye njia. Nyuma yake anakuja Mwantumu na ungo wa maharage. Nawaambia kweli, nilishika mnyororo wa reli kwa mikono yote miwili.

Alipofika mlangoni watu walikuwa wameshaingia. Mchungaji Elinihaki akatoka, akamkaribisha, akamuuliza kama desturi inavyotaka, nani atakushika mkono? Kabla hajajibu, Mzee Sangiwa akainuka kutoka kwenye jiwe la nje, mahali pa waliotengwa. Alivua kofia.

"Mama Semu," akasema, "sina uso wa kukuomba, lakini naomba. Mimi ndiye niliyekutoa mle ndani, basi niache mimi nikurudishe. Nisingesimama mimi, wewe ungekuwa bado jikoni, kwa sababu mlango wako nilikuwa nimeukalia. Ualimu wangu, jina langu, vyote nimeviweka chini ili mlango ufunguke. Na kingine ni hiki. Mavuno mengine sitayaona. Usiponishika leo, nitakufa nikiwa nje. Miaka kumi na tisa uliniokoa kwa kunyamaza. Niokoe mara moja tena, kisha nimemaliza."

Nakiete alikuwa tayari ametoka kwenye mstari wa kwaya, joho limemkaa upande. Akamsikiliza Sangiwa hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo, si ile yake ya kuombea.

"Mzee amesema mlango. Nani aliutikisa? Mimi nilipiga magoti kwenye ule ua miaka kumi na moja. Unadhani moyo wako, mzee, ulilainika wenyewe?" Akamgeukia Nakundwa. "Dada, chai yako sikunywa, najua, na imeniuma. Nafasi yako nimeikalia, imeniuma pia. Lakini nikuambie jambo ambalo ushirika hawalijui. Miaka miwili sasa naomba maneno matupu. Nafungua kinywa, ndani hamna kitu, naomba kwa sababu ni Alhamisi. Leo umeshuka na kitambaa, nikasema, kumbe palikuwa na anayesikia. Ukimpa mwingine mkono, sijui nitamwomba nani tena. Nimechoka, Nakundwa."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina. Wanakwaya wakatazama chini.

Mwantumu alikuwa bado ameshika ungo. Nadhani hakukusudia kusema. Mama mmoja wa baraza alimwambia kwa upole kwamba aweke ungo pamoja na mavuno mengine halafu akae pembeni, maana haya si yake. Hapo akasema.

"Kitambaa nimekifua mimi."

Akauhamishia ungo mkono wa pili, tukadhani amemaliza.

"Sitaki mkate wenu. Nina dini yangu, na mama anajua. Jumanne kaka zangu wanapanda kunichukua, wameshatuma salamu. Wanasema naishi kwa watu wasio wangu, na ukoo wa hapa wanasema hivyohivyo. Mama akinishika mkono mbele yenu, nitawajibu kaka zangu kwamba nina kwetu. Asiponishika, nitakwenda nao, kwa sababu sitakuwa na la kuwajibu. Ndiyo hivyo tu."

Minong'ono ikazuka. Mtu ambaye hajabatizwa kumshika mkono anayerudi kundini? Mchungaji akaitisha kitabu cha kanuni, akapekua ukurasa baada ya ukurasa jasho likimtoka. Kanuni haikuruhusu. Kanuni haikukataza pia. Waliotunga hawakuwahi kuwaza kwamba jambo kama hilo lingetokea. Akakifunga kitabu akasema kwamba mkono ni wa mama, na wa kuutoa ni mama.

Nakundwa alikuwa amesimama muda wote huo. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, ameegemea mwimo wa mlango, kitambaa cheupe kimepigwa pasi hadi kinametameta. Wazee wa baraza wakamwomba aseme ni nini kilichomwamsha asubuhi ile akashuka. Ilikuwa njia nzuri ya kumsaidia, kwa maana angetaja kilichomwinua, mambo yangekwisha.

"Sijui," akasema. "Mnataka niseme nilisikia sauti. Sikusikia. Mzee aliposema, nilifurahi, lakini nikabaki nyumbani. Nakiete alipoomba Alhamisi hii, nililia, lakini nikabaki nyumbani. Mwanangu alipotundika kitambaa jana, nilikitazama kama siku zote. Leo nimeamka nikajikuta naimba jikoni. Wimbo mmoja tu, ule wa zamani. Nikashangaa kwamba bado naujua. Nikaona nimechoka kukaa nje, nikakichukua." Akafuta uso kwa kiganja. "Sina moto wowote. Nimekuja hivi nilivyo. Kama Bwana ananipokea nikiwa nimechoka hivi, ninamshukuru. Ila mimi siwezi kuwapima hawa watu. Wote watatu nimekula jasho lao."

Mnaona aliponiacha. Nami nilikuwa kwenye reli, hatua ishirini kutoka mlangoni, nyundo mkononi. Wakati wa kengele ya tatu ulikuwa umepita. Jua lilikuwa limeshavuka pale ninapolipimia, ndani watoto wanalia, kuku wa mavuno wamefunguka wanazunguka kati ya mabenchi. Mchungaji akanitazama. Kwa miaka yote niliyogonga kengele ile sikuwahi kuchelewa hata dakika moja. Siku hiyo nilijifanya nashughulika na mnyororo.

Kisha Nakundwa akajitoa kwenye mwimo, akasimama sawasawa, akanyoosha mkono wa kushoto hewani, kiganja juu. Sangiwa alikuwa upande huu, amekumbatia kofia kifuani, anapumua kwa shida. Nakiete alikuwa upande ule, macho amefumba. Mwantumu alikuwa nyuma, na ungo wake.

Alichagua. Nilimwona akichagua, na sisemi, hata mkinibembeleza. Nikisema, mtakubali alivyofanya yeye kisha mtakwenda kulala, na mimi nitabaki na uchovu wangu peke yangu. Nyinyi ndio mlio mlangoni sasa. Yupo aliyeufungua mlango, na ndiye aliyekuwa ameufunga. Yupo aliyelilia nje ya mlango miaka kumi na moja, asiingie kunywa kikombe cha chai. Yupo aliyetundika kitambaa kando ya mlango kila juma kwa Mungu ambaye hamwombi kwa jina tunalomwomba sisi. Mmoja asiposhikwa atakufa nje. Mmoja asiposhikwa ataacha kuomba. Mmoja asiposhikwa, Jumanne atateremka mlima na hatarudi. Na mkisema hakuna anayestahili, basi niambieni yule mama alifikaje pale.

Nyundo nimeshainua, siwezi kuishikilia juu zaidi ya hapa. Mkono uko hewani, nao ni mmoja. Je, nani alistahili kuushika?